Jiko la Makopo ya Maziwa

“Chakula cha moto wa pombe ni halali?” ayeyo, nyanya yangu, aliniuliza kwa kuwa nilisoma madrasa.

Kila nikipaka mikono spiriti, namwona shangazi kule kambi ya wakimbizi ya Dagahaley akitoboa makopo ya maziwa kwa msumari. Alimimina spiriti ya zahanati, akawasha, mwali wa buluu ukapanda.

“Wallahi, kuni basi! Sirudi vichakani.”

“Mwaga hiyo pombe,” ayeyo akamwambia. “Miguu imekuvunjika?”

Shangazi alimwaga, akachukua kamba na panga. Alirudi baada ya adhana ya magharibi bila kuni, nguo zimechanika. “Ni miiba,” ayeyo alituambia sisi watoto.

Nilipomaliza chuo kikuu ndipo mama aliponiambia kwamba wanaume walimbaka shangazi huko vichakani, kwamba haikuwa mara ya kwanza, na kwamba ayeyo alijua.