Soksi za Namba Nane

Earnestine Gathright aliijua besiboli kwa kutazama miguu. Chumba chake cha kufulia kilikuwa chini ya majukwaa ya uwanja wa Chuo cha Pickett Bluff, pande zile za Mississippi ambako udongo ni mwekundu kama tofali, na dirisha lake lilikuwa upenyo mwembamba uliolingana na ardhi. Kupitia upenyo huo, kwa miaka ishirini na tisa, aliona viatu, soksi na suruali nyeupe mwisho magotini. Mchezaji akichomoka mbio kwenda kituo cha pili, Earnestine alimtambua kwa mwendo. Akijitupa chini kwa tumbo, Earnestine aliguna, maana alijua ni nani atakayeung'oa udongo ule kesho yake.

Na aliung'oa. Timu nyingine zilishuka kwenye basi na suruali zenye madoa ya rangi ya chai. Kambare wa Pickett Bluff, ndivyo timu ilivyoitwa, hata walipofungwa pointi kumi na mbili, walifungwa wakiwa safi. Siri yake haikuwa siri: maji baridi, sabuni ya mche ya manjano, mswaki wa meno uliochakaa, na jua. Aliyethubutu kugusa bomba la maji ya moto chumbani humo alifukuzwa kama kuku jikoni. Na nguo yenye tundu haikutoka mikononi mwake mpaka izibwe. Alishona huku akiimba na redio ya nyimbo za injili, mikono ikifanya kazi peke yake, yeye akiwa mbali, pamoja na Bwana wake.

Mwaka wake wa kwanza pale, kocha Dale Hutto, enzi hizo bado ana nywele, alimpa ahadi. "Bi Ernie, siku timu hii ikifika Omaha, utakaa na sisi kibandani. Benchi moja na wachezaji. Naapa." Omaha ndiko vyuo vya nchi nzima vinakomalizia msimu, timu karibu mia tatu huanza mwezi wa pili, na nane tu ndizo hufika huko mwezi wa sita. Kambare hawakuwahi hata kunusa. Miaka ikapita, nywele za kocha zikapita, na sasa Earnestine alikuwa na miaka sitini na sita na barua ya kustaafu mwishoni mwa Juni. Hakuwa mtu wa kudai. Lakini alitaka, walau mara moja, kuuona mchezo wote kuanzia miguuni mpaka kwenye kofia, na mpira unapokwenda ukipigwa juu. Alilitaka jambo hilo hata akaona aibu kulisema.

Msimu ulianza vibaya. Kufikia katikati ya Machi walikuwa wamefungwa mara tisa katika michezo kumi na mbili. Kisha mashine ya kufulia ikaharibika siku moja kabla ya mchezo, na Tobiah Renfroe, nahodha, namba nane mgongoni, akavaa soksi za jana. Tobiah alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kutwa nzima vumbini, kwa hiyo soksi zake za jana si za mtu mwingine za jana. Wakashinda. Kesho yake mashine ikapona, Earnestine akanyoosha mkono apewe soksi.

"Samahani, Bi Ernie," alisema Tobiah, kazificha mgongoni. "Hizi hazifuliwi."

"Nani kasema?"

"Tumeshinda nazo."

"Mwanangu, mmeshinda kwa sababu wale wenzenu wamedondosha mpira mara nne. Nimeona viatu vyao. Lete hapa."

"Bi Ernie, nakuomba. Zioshe tukifungwa."

Watu wa besiboli ndivyo walivyo. Hawakanyagi mstari wa chaki wakiingia uwanjani, hawataji jambo jema linaloendelea wasije wakalikatiza, na kinachoshinda hakiguswi. Earnestine, ambaye kila Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa kwa glavu nyeupe akikaribisha waumini, aliuona ule kuwa ushirikina mtupu. Lakini wakashinda tena, na tena. Walipofika ushindi wa kumi, soksi zilikuwa zimepata kopo lao la bati lenye mfuniko, juu ya rafu. Walipofika wa kumi na tano, kila mchezaji aligusa kopo kabla ya kutoka. La kuvunda halina ubani. Earnestine alikaa na mlango wazi na kuvuta pumzi kwa mdomo.

"Miaka ishirini na tisa ya weupe," alimlalamikia dada yake Vonceil kwenye simu, "sasa nalinda uvundo."

"Unataka kwenda Omaha hutaki?"

"Nataka."

"Basi linda uvundo, dada'angu, acha maneno."

Mashindano ya kanda yakaangukia nyumbani kwao. Wakabakiza mchezo mmoja, Jumatatu mchana: wakishinda, Omaha, wakifungwa, kila mtu kwao. Jumapili walikuwa wamecheza kwenye mvua, na asubuhi ya Jumatatu Earnestine alikuta lundo la suruali thelathini na tano zenye udongo mzito kama wa mfinyanzi. Akafungua redio, akafungua bomba la baridi, akaingia kazini. Sabuni, mswaki, suuza. Chenye tundu kando, akashona. Cha kuanikwa, kamba ya juani. Kwaya ya redioni ilikuwa imepamba moto, naye alikuwa akiisaidia kwa sauti ya pili.

Alipokuja kupanga soksi jozi jozi, nyeupe kama maziwa, akaona kwenye wayo wa moja wino uliofifia: 8.

Akaikimbilia rafu. Kopo lilikuwa tupu. Tobiah, kwa uchovu wa jana, alikuwa amezivua pamoja na suruali, zikabaki ndani ya miguu ya suruali kama tumbili kwenye shimo la mti, na mikono ya Earnestine haikuuliza. Ushindi ishirini na mbili ulikuwa umeshuka na maji ya bomba.

Alikaa kwenye ndoo. Kwa mara ya kwanza maishani aliichukia sabuni ile.

"Vonceil, nimezifua."

"Nini?"

"Soksi."

Vonceil, mwanamke asiyekosa la kusema tangu azaliwe, akasema, "Yesu wangu."

"Nimwambie kocha?"

"Umwambie ili iweje? Saa tano hii, mchezo saa nane! Watoto wataingia uwanjani wameshakufa. We zichafue!"

"Nitakuwa nimedanganya."

"Utakuwa umechafua soksi. Kuna amri gani kwenye Biblia inayokataza kuchafua soksi? Nionyeshe mstari."

Earnestine hakuupata mstari. Alitoka uwanjani, akapiga magoti pale pale mdakaji anapochuchumaa, na mikono iliyoung'oa udongo ule miaka ishirini na tisa ikaanza kuupaka. Akasugua, akakunja, akakanyaga, akaanika juani, akarudia. Rangi ilikubali. Harufu ndiyo iliyogoma. Zilinukia sabuni ya manjano kama shuka za harusi. Hapo akamkumbuka marehemu mumewe, mvuvi wa kambare, na debe la chambo alilomwachia ambalo halikufunguliwa miaka mitatu: jibini iliyooza, damu ya kuku, na mengine ambayo marehemu aliondoka nayo. Akaendesha gari mpaka nyumbani na kurudi. Kijiko kimoja tu ndani ya kopo, mfuniko, na nusu saa ya jua.

Kocha alipopita aliuliza, "Zimeamkaje?"

"Zimeamka," alisema Earnestine, na shingo ikamwaka moto.

Tobiah alifungua kopo. Wenzake waliokuwa karibu walirudi nyuma hatua mbili.

"Aisee!" alisema mmoja, machozi yakimlenga. "Leo zimeiva!"

Wakashangilia. Tobiah peke yake hakushangilia. Alizivuta miguuni polepole, akainama muda kidogo kama anayefunga kamba za kiatu, kisha akasimama, akamtazama Earnestine mara moja, akatoka. Earnestine alienda kwenye upenyo wake akiwa na nadhiri: wakifungwa, atapanda mbele ya timu nzima aseme ni mkono wangu. Hata awe amestaafu na jina baya, atasema.

Na walielekea kufungwa. Raundi baada ya raundi aliona miguu ya wageni ikipita kituo cha tatu kwenda cha nyumbani, kila mmoja pointi, na ya Kambare ikirudi kichwa chini. Raundi ya tisa, ya mwisho, walikuwa nyuma pointi mbili. Wawili wakatolewa, na wa tatu angeumaliza mchezo; wenzao watatu wakasimama vituoni, na pale kwenye sehemu ya mpigaji Earnestine akaona soksi alizozipaka kwa mkono wake zikijikita mchangani. Hakuomba ushindi, aliona haya kumwomba Mungu jambo hilo kwa soksi zenye chambo. Aliomba tu asimfiche mtoto wa watu uso wake.

Alisikia gongo la kupigia mpira likilia. Akaona miguu ya mchezaji wa nje wa wageni ikikimbia, ikikimbia kinyumenyume, ikakoma ukutani. Mpira hakuuona, ila ukivuka ukuta ule, mpigaji na wote walioko vituoni huingia nyumbani: pointi nne. Aliona tu soksi zile, nyekundu kwa udongo, zikizunguka vituo vyote vinne bila haraka, na kabla hazijafika nyumbani miguu arobaini ilizifunika. Earnestine alipiga kelele mpaka bati la mashine likaitikia.

Kocha Hutto alishuka ngazi mwenyewe, kipara kimelowa. "Funga mizigo, mama. Ahadi ni deni."

Omaha alikaa mwisho wa benchi, kofia ya Kambare kichwani, kitambaa cha leso mkononi. Siku ya kwanza alisahau kufuata mchezo. Alikuwa akitazama nyuso. Hakujua kwamba mrushaji wao huuma ulimi kabla ya kurusha, wala kwamba yule mwenye mwendo wa bata ana macho mazuri vile. Na mpira wa kwanza uliopigwa juu, ulipokwenda mpaka ukawa mdogo kama punje na ukabaki angani muda wote ule, Earnestine alilia waziwazi, na vijana wakampisha alie.

Walishinda tatu. Fainali ilikuwa ya kushinda michezo miwili. Wa kwanza wakafungwa pointi moja. Wote wakamtazama Tobiah miguuni, naye akasema kombe bado halijapata mwenyewe, soksi zinabaki. Wa pili wakafungwa tisa, na hapo hapakuwa na la kubishania. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wakasimama mstari, wakawapa mkono mabingwa, wengine wakicheka na kulia kwa pamoja.

Tobiah alikuja akakaa karibu na Earnestine. Akavua viatu, akavua soksi, akazikunja vizuri, akamwekea mapajani.

"Tumefungwa, Bi Ernie. Sasa unaweza."

"Mwanangu, ngoja," alisema Earnestine. Alikuwa ameibeba siri ile siku kumi na nne na haikuwa imepungua uzito. "Kuna jambo lazima nikwambie. Ile Jumatatu, nyumbani..."

"Kabla hujaniambia, ingiza kidole hapo mbele. Kwenye dole gumba."

Akaingiza. Palipokuwa na tundu tangu Machi palikuwa na uzi, mishono midogo iliyolingana, ya msalaba, ambayo katika Mississippi nzima ni mtu mmoja tu aliyeishona hivyo. Mikono ilikuwa imeziba tundu, na yeye hata hakukumbuka.

"Ulijua," alisema. "Kabla ya mchezo ulijua!"

"Nilijua kabla hata kiatu hakijaingia. Nilitaka kulia. Halafu nikakuona pale mlangoni, udongo mpaka kwenye nyusi." Alianza kucheka. "Nikasema, mtu huyu kapiga magoti matopeni kwa ajili yetu. Sasa mimi nitashindwaje kupiga mpira? Sijamwambia mtu. Ila Bi Ernie, ile harufu uliitoa wapi? Nimetembea na paka wa mtaa mzima."

Earnestine alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Wachezaji wakageuka kutazama, wakiwa hawajui wanachekea nini waliofungwa tisa.

Alipopata pumzi, alizikunja soksi ndani ya leso yake na kuuliza, kwa sauti ya kazi, saa ngapi basi linaondoka na kama hotelini kuna bomba la maji baridi.

"Lipo," alisema Tobiah. "Zifue, mama. Mara ya pili."