Mama Alipohamia Kitandani Kwangu

Mwaka jana mama alihamia kitandani kwangu. Hakuja na begi, alikuja na rozari. Baba anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa Turiani na hurudi kwetu mlimani Bigwa kila Ijumaa. Ijumaa hiyo mama akamwambia ameanza novena, anataka kusali kwa utulivu. Sawa. Novena ni siku tisa, kila Mkatoliki wa mlimani anajua. Ikaisha, ikaanza nyingine. Ikaja ya tatu.

"Huyu naye ni mtakatifu gani?" baba aliuliza mezani.

"Si yule wa mwanzo."

"Na hawachoki?"

"Wanachoka kukungoja utubu."

Nusura nipaliwe na ugali. Kuangalia, nimecheka peke yangu.

Kulala na mama ni adhabu. Anatupa shuka, anajipepea kwa kitabu changu cha Bayolojia, mara analivuta tena analalamika baridi. Kitabu hicho kina sura nzima ya homoni. Si yeye wala mimi aliyeifungua.

Baba akaanza kuruka Ijumaa. Mara msimu wa kukata miwa, mara gari limeharibika, mwisho hata simu hakupiga. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na nyumba yetu imekaa kwenye shamba la bibi mzaa mama. Kwa hiyo mwanaume akichoka hana cha kugombania, anabeba nguo zake. Siku moja baba alikuja akachukua mashati mawili mazuri na redio. Mwanaume akibeba redio, hatanii.

Mama mdogo akapanda kutoka Mwembesongo. Walikaa jikoni wakichambua mchicha, mimi naosha sufuria nje, chini ya dirisha. Sikuchagua mahali. Bomba liko hapo.

"Dada, ana mwanamke Turiani?"

"Sijui. Kama anaye, mimi ndiye niliyempeleka."

"Umempelekaje?"

Mama akaweka mchicha chini. "Inaniuma, mdogo wangu. Nimekauka. Na hamu yenyewe sina. Nimwambie nini?"

"Ndo umsingizie Bikira Maria?"

Sufuria ikanitoka mkononi. Mama mdogo akaendelea kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni ya kawaida kwa watu wengine. "Hedhi si ilikoma mwaka juzi? Na vidonge vya sukari unameza?"

"Nikijisikia vibaya."

"Na usipojisikia vibaya?"

"Navitunza."

Wiki hiyo hiyo tukaenda kliniki, mimi mbeba chupa ya maji. Nesi alipouliza habari za ndoa, mama akanitoa nje. Nikatoka hadi upande wa pili wa pazia.

"Damu ikikaa na sukari nyingi muda mrefu," nesi alisema, "mishipa midogo na mishipa ya fahamu inaumia. Miguuni, machoni, na huko pia. Hapo hapo hedhi imekoma, homoni zimeshuka, ukavu umeingia, usingizi unakatika. Hamu itoke wapi, mama?"

"Kwa hiyo sijalogwa."

"Hujalogwa. Na haya yana matibabu."

Vidonge kila siku, ajisikie vibaya asijisikie. Chai bila sukari. Kutembea. Daktari akamwandikia krimu ya ukavu, na nesi akamweleza kuhusu jeli ya kulainisha. Kisha akamwambia azungumze na mumewe.

"Kwetu hayo hayasemwi."

"Basi atakisia. Mpaka sasa amekisia nini?"

Mama akachukua karatasi ya dawa, akainuka.

Akaanza kupanda mlima kila alfajiri, hadi shamba letu la kabichi, mimi nyuma nahema kama mbuzi wa mnadani. Mwanzoni alikuwa akinisubiri kwenye kona. Baadaye aliacha. Sukari ikashuka, akarudi kupima, ikawa imeshuka zaidi. Akaanza kulala usiku mzima. Ndipo akampigia baba.

Baba alikuja Jumamosi, akasimama mlangoni kama mgeni. Nikamwamkia shikamoo, nikatumwa maji. Nilishasema bomba liko wapi.

"Novena zile zilikuwa uongo," mama alisema. "Nilikuwa naogopa."

"Unaniogopa mimi?"

"Maumivu. Na uje ujue kuwa nimeisha."

Akamweleza yote, sukari, hedhi, krimu, bila kupindisha. Mama huyu kwangu neno "titi" hutamka kwa kukohoa. Ndoo yangu ikajaa, ikamwagika.

"Mimi nilidhani umenichoka," baba akasema. "Nikasema labda nanuka miwa."

"Unanuka kweli. Ila si hiyo."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Baba akafuata, kicheko kile chake cha kukoroma ambacho nilikuwa nimekisahau.

Safari iliyofuata ya kliniki alimsindikiza, na nasikia aliuliza maswali mengi kuliko mgonjwa. Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Mama alimwambia mdogo wake kuna wiki nzuri na wiki za kucheka tu, wanajifunza upya kama maharusi, na mama mdogo akamwambia apunguze sauti, mtoto yupo.

Mtoto nina kitanda changu chote sasa, ila wikiendi sikitumii. Natumwa Mwembesongo kwa mama mdogo "nikasome kwa utulivu." Baba mwenyewe ndiye anayenifungia begi, anapiga mluzi, na Ijumaa hii alilifunga kabla sijavua sare ya shule.