Cherehani Iliyokwenda Kudhamini

Mimi ni mtu wa kushuku. Hata kanisani nikiomba hufumba jicho moja, la pili huchunga mkoba. Kwa hiyo jirani yangu wa mlango wa pili, dada tunayeimba naye kwaya hapa Huruma, alipokuja kuazima cherehani yangu, nilimtazama mara mbili. Cherehani hiyo ndiyo unga wetu, ndiyo kodi yetu. Na yeye hata kifungo cha shati huniletea mimi nimshonee.

“Ni ya nini?”

“Kurekebisha tu uniform za watoto, dada. Kesho jioni nakurudishia.”

Ukimnyima mtu wa kwaya katikati ya wiki, Jumapili utaimbaje naye? Nikampa, roho ikigoma.

Siku ya pili nilisikia maombi kwake, lakini cherehani sikuisikia. Nikachukua kikombe, nikaenda kuomba chumvi nisiyoihitaji.

Nyumba ilijaa wanawake wa kikundi chake cha mikopo. Hawa hawakopeshi mtu kabla ya kuja kwake kuona vitu watakavyobeba asipolipa. Cherehani yangu ilikuwa katikati, imepanguswa, imevikwa kitambaa cha kufuma, na mwenyekiti anaipiga picha kwa simu. Hasira ilinipanda mpaka masikioni.

“Karibu, mama,” mwenyekiti akasema. “Wewe ni jirani? Tulikuwa tunatafuta shahidi. Hii mashine ni yake?”

Jirani yangu alinisihi kwa macho. Nilijua binti yake yuko nyumbani kwa kukosa karo. Nikisema ndiyo, mtoto atarudi shule. Nikisema ndiyo, siku moja wanawake hawa watakuja kubeba chakula cha watoto wangu. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yenyewe yangekuwa kwangu. Sijawahi kuamini kwamba kukopa ni dhambi, maskini atafanyaje? Lakini walikuwa wametoka tu kumwomba Mungu abariki mkopo ule, na mimi ndiye niliyetakiwa kuutilia uongo.

“Ni yangu,” nikasema.

Hakuna aliyefoka. Mwenyekiti alifuta picha, kila mtu akachukua mkoba wake. Hata sala ya kufunga hawakuomba.

Cherehani ya miguu haibebwi na mtu mmoja. Yeye alishika huku, mimi kule, tukaipitisha kwenye korido. Mlangoni kwangu aliitua polepole, asiikwaruze.

“Ningelipa, dada.”

“Najua.” Na kweli nilijua. Hakuna anayekopa akipanga kushindwa. “Lakini si ungeniambia ukweli?”

Sasa ikawa zamu yake kunitazama kwa shaka.

“Ningekuambia ukweli, ungenipea?”

Nisingempa, na sote wawili tulilijua hilo.