Chovae Haikimbii

Thuraya hakuwahi kupenda kukaa. Shule aliiacha kidato cha pili, kambini Dadaab, akahamia chumba cha kompyuta cha vijana. Huko ndiko alikojifunza kutengeneza kurasa za mtandao, kwa kufungua za wenzake na kuzivuruga aone zimeshikana vipi. Familia iliporudi Kismayo, mjomba wake Aboud alimpa kiti nyuma ya kaunta, kwenye duka lake la vipuri vya mashine za boti, akidhani kiti kitamtuliza. Wapi.

Dukani pale manahodha huja kutwa kutaka plagi, kutaka propela. Nyuma yao huja abiria, na swali lao ni lile lile: leo nani anakwenda Chovae? Nani anakwenda Ngumi? Mjomba Aboud alikuwa akijibu mpaka sauti inamkauka. Thuraya akachoka kwa niaba yake, akatengeneza ukurasa. Nahodha akituma ujumbe kwenye namba ya duka, ujumbe unaingia wenyewe ukurasani. Kila kisiwa kina taa yake. Programu inauliza jambo moja tu: ndani ya maneno haya, limo neno Chovae? Likiwamo, taa ya Chovae inawaka kijani. Lisipokuwamo, inabaki kijivu. Tena alihakikisha kila ujumbe unageuzwa kwanza kuwa herufi ndogo, maana nahodha Fumo huandika kwa herufi kubwa tupu, kama anampigia mtu kelele ng'ambo ya bandari.

Ndipo akaja Mwanalima. Mama huyu aliikimbia Chovae vita vilipoingia, angali bibi harusi, na tangu hapo maisha yake yote yakawa Mombasa. Sasa alitaka kumwona dada yake Zaituni, aliyebaki kisiwani. Mwanawe Yusuf hakuipenda safari hiyo hata kidogo. Alikuwa amemwambia kwamba ikifika Alhamisi boti haijapatikana, atamkatia tiketi ya ndege arudi.

Jumatatu taa ya Chovae ikawaka. Thuraya mwenyewe alikwenda kumwita. Mwanalima akafunga mzigo wake, kanga za Zaituni na sufuria mpya, akashuka pwani. Boti ya Fumo ilikuwa juu ya mchanga, mashine imevuliwa, na Fumo amelala chini ya turubai. Mwanalima akakaa juani mpaka adhuhuri, akidhani nahodha anapumzika kabla ya safari.

Aliporudi hakugomba. Aliutua mzigo mlangoni pa duka, akasema kumbe simu nayo inajua kusema uongo, na kwamba jioni atampigia Yusuf.

Thuraya akaufungua ujumbe wa Fumo. Ulisema: CHOVAE HAIKIMBII.

Mjomba Aboud alicheka mpaka akavua kofia. Akamweleza kwamba nahodha wa Kibajuni hamwambii mtu "siendi". Kumnyima mtu njia ya kwao ni kitu kibaya, kwa hiyo anayapoza maneno. Ukisikia Chovae haikimbii, ujue mashine ni mbovu, urudi nyumbani. Kila mtu anajua. Lakini programu ilikuwa haijui, na Thuraya, aliyekulia kwenye vumbi la Dadaab, mbali na bahari, alikuwa hajui vile vile.

"Nipe mpaka Alhamisi, mama," akamwambia Mwanalima.

"Utaifundisha simu adabu za manahodha?"

"Nitaifundisha."

"Haya. Mimi mchu wa Chovae, mtu wa visiwani, kungoja nakujua."

Kwanza alijaribu kukataza maneno. Ujumbe ukiwa na "haikimbii", taa isiwake. Kesho yake nahodha Bakri akaandika "Ngumi wasalimieni", taa ya Ngumi ikawaka, na Bakri hakuwa na nia hata ya kutoka kitandani. Thuraya akakataza na "wasalimieni". Mwingine akaandika kwamba Chovae iko moyoni. Thuraya akaona hapa atazeeka. Akaondoka dukani, akamfuata Fumo pwani, akamkuta mikono imejaa grisi.

Alimwuliza wakiwa hawaendi husemaje. Fumo akamtajia moja, akamtajia jingine, wenziwe wakachangia, pwani nzima ikawa kicheko.

"Andika tu," Fumo akasema. "Utaandika mpaka uolewe."

"Na ukiwa unakwenda kweli, nahodha, unasemaje?"

Fumo akafuta mikono. "Nikienda ni bismillahi. Utaniona mimi naanza safari bila bismillahi?"

"Na ukiwa huendi, huwezi kuiandika, kunipoza tu?"

Fumo alimtazama kana kwamba ametemea chakula mate. "Nimtaje Mungu kwenye safari isiyokuwapo? Wewe binti, nani kakulea?"

Thuraya hakungoja kuambiwa zaidi. Alirudi mbio, akayafuta maneno yote aliyoyakataza. Kumbe alikuwa akiwinda hapana, na hapana hazina mwisho. Ndiyo ilikuwa moja. Sasa programu ikawa inauliza mara mbili: limo neno Chovae? Limo na neno bismillahi? Majibu yote yawe ndiyo, la sivyo taa haiwaki. Akaipitishia jumbe za zamani. Boti zilizosafiri zikabaki kijani, zile za kupoza zikazimika.

Jumatano Mwanalima alikaa dukani kutwa, macho kwenye simu. Fumo akaandika CHOVAE IKO PALE PALE. Taa ikabaki kijivu.

"Huyu haendi," akasema Mwanalima, akacheka kidogo.

"Na programu imesema haendi," akajibu Thuraya.

Alhamisi asubuhi ukaingia mwingine. BISMILLAHI CHOVAE. MASHINE IMEPONA. Taa ikawaka. Mwanalima hakuinuka.

"Jumatatu pia iliwaka, mwanangu."

Thuraya akaubeba mzigo kichwani mwake, akatoka. "Kama ni uongo, nitaurudisha mimi," akasema bila kugeuka. Ikambidi Mwanalima aifuate sufuria yake.

Boti ilikuwa majini, inanguruma, abiria wameshapanda. Fumo akampa mkono.

"Nilisema Chovae haikimbii, mama. Si imekungoja?"

"Nyamaza, ondoa boti."

Baada ya alasiri ukaja ujumbe kutoka namba ya Fumo, lakini kwa herufi ndogo. "nimefika chovae. zaituni kazeeka kunishinda. mwambie yusuf asikate tiketi." Programu ikauliza maswali yake. Chovae limo. Bismillahi halimo. Taa ikabaki kijivu, kama inavyotakiwa.

Thuraya akampigia Yusuf, akamsomea. Yusuf akauliza kama wiki ijayo kutakuwa na boti nyingine, na huo ukurasa mtu anaufungua vipi.