Kipaza Sauti Kilivyonivua Nguo Mbele ya Wakwe

Najua mmeshaisikia ile sauti, kwa hiyo msijifanye wageni. Ilizunguka kwenye simu za Tabora nzima, ikafika Sikonge, ikafika Igunga kwa shangazi yangu ambaye meseji zangu za kumsalimia huwa anadai hazimfikii, lakini hiyo ilimfikia siku hiyohiyo. Mlichosikia ni kipande tu. Leo nawapa yote, na nikimaliza chekeni mara moja mmalize, maana nimechoka kuchekwa kwa awamu.

Mimi nauza spea za pikipiki na baiskeli karibu na stendi, na kukiwa na mpira jioni utanikuta kwa Jumanne. Jumanne ana kibanda umiza cha mabati cha kuonyeshea mpira, mabenchi magumu, joto la kuoka mkate, na humo ndani mimi Maganga nilikuwa mtu wa kuheshimiwa. Siyo kwamba naujua mpira sana (naujua kiasi), ila nina sauti, na kwenye ubishi wa mpira mwenye sauti ndiye mwenye hoja.

Basi ikatokea mtangazaji mmoja mzungu, huko kwao Ulaya, anatangaza mechi, mchezaji mmoja mweusi akapiga pasi tamu mno, pasi ya kumfanya mtu asimame kwenye benchi, na yule bwana badala ya kusifu akasema watu hawa mbio na nguvu wamejaliwa, lakini kazi ya kufikiri uwanjani waachiwe wenzao weupe. Akasema huku anacheka. Kesho yake kipande kikazagaa, kimewekewa tafsiri ya Kiswahili chini, na yeye alipobanwa akajitetea kwamba ulikuwa utani tu, na kama kuna mtu amekwazika, samahani.

Kwa Jumanne hapakukalika. Nusu ya banda walitaka yule mtu afukuzwe kazi, nusu nyingine wakasema tumezidi kununa, na kiongozi wa hao wa pili alikuwa Jumanne mwenyewe.

"Si kamsifia?" akasema. "Mtu ukiambiwa una mbio, hilo nalo ni tusi?"

Nikasimama (huwa nasimama). "Jumanne, ukisema ana mbio ukanyamaza, umemsifu. Ukisema ana mbio ila kichwani hamna kitu, umemtukana yeye na ukoo wake wote. Na utani gani huo ambao anayecheka ni mmoja? Mtu akipewa maiki amepewa dhamana!"

Watu walipiga makofi. Kuna mmoja alininunulia soda. Nikaenda nyumbani siku hiyo najiona kama nimehutubia Umoja wa Mataifa.

Sasa lazima niwaambie kuhusu Rahma. Rahma ni binti wa Mzee Nassoro, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Watu mjini huwaita wale Waarabu, kwa sababu ya rangi na pua na kanzu ya mzee, japo wapo Tabora tangu enzi za misafara na wakati mwingine nadhani wapo kuliko sisi. Mzee Nassoro akigombana na vijana wanaoshusha saruji anagombana nao kwa Kinyamwezi, tena cha ndani kuliko changu. Wazee wangu walikuwa wameshapeleka posa, imepokelewa vizuri, chai imenyweka, tukaambiwa tusubiri jibu. Kwa hiyo nilikuwa kwenye kipindi kile ambacho mwanamume mwenye akili anatembea taratibu, anasalimia kila mtu, na anafunga mdomo.

Jumamosi ile kulikuwa na bonanza, timu yetu ya mjini na vijana kutoka Sikonge. Jezi za timu yetu alitoa Mzee Nassoro, na winga wetu wa kushoto alikuwa Swalehe, mwanawe, kaka yake Rahma. Viti vya plastiki vikapangwa kivulini kwa wageni, mzee akakaa katikati, na mimi nikamwendea nikiwa nimenyoosha shati, "Shikamoo mzee," "Marahaba kijana, hujambo," mambo mazuri kabisa. Laiti ningerudi nyumbani hapo hapo nikalala.

Kumbe mtangazaji wa siku zote kaamka hana sauti, mafua yamemkamata, anaongea kwa mikono. Jumanne ndiye mwenye spika na amplifaya (anazikodisha kwenye harusi na misiba bila ubaguzi), akapaza sauti, "Yupo Maganga hapa, si ndiye anayejua watangazaji wanavyotakiwa wawe?" Watu wakacheka. Nikakataa mara moja, kwa adabu. Akaninyooshea maiki, akasema, "Kidogo tu, mpaka tumpate mwingine." Nikaipokea. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo, hamna mwingine, mengine yote yalijiendea yenyewe kama baiskeli isiyo na breki kwenye mteremko.

Mwanzo nilitangaza kama mtu mwenye kwao. Mpira unakwenda huku, unarudi kule. Halafu kipa wa Sikonge akaukwepa mpira uliokuwa unakuja taratibu, nami nikasema, "Huyu kwao Sikonge kazoea mizinga ya nyuki, ndugu watazamaji, anadhani huo nao unauma!" Uwanja ukalipuka, na hata wao wa Sikonge walicheka. Jamani, sijui kama mmewahi kuchekesha uwanja mzima kwa mpigo mmoja. Kile kicheko kinaingia mwilini kama pombe ya bure, unataka tena, na unataka kikubwa zaidi.

Beki wetu mmoja, Msukuma, mwili kama kabati, akapiga mpira ukatoka nje kabisa. "Nguvu zipo, njia haijui!" nikasema. "Mleteeni ng'ombe wake wamwonyeshe!" Wakacheka tena, ila yeye mwenyewe alicheka kwa meno tu, macho hayakucheka. Nilimwona. Niliamua sikumwona.

Ndipo Swalehe akapata mpira peke yake na kipa, goli liko wazi kama mlango wa sokoni, akapaisha. Mdomo wangu ukatangulia, mimi nikaufuata nyuma.

"Mwarabu wetu huyo! Jamani mpeni mzani, mpeni duka, mpira wa nini? Hawa babu zao walikuja Tabora na misafara, mizigo wamebebewa, wenyewe wamebebwa, sasa hiyo miguu itajifunzia wapi kazi?"

Nyuma ya goli watu walianguka kwa kicheko. Upande wa viti vya plastiki palikuwa kimya. Nikageuka, nikamwona Mzee Nassoro ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anatazama mbele, uso hauna kitu.

Nikaiweka maiki mezani (niliiweka tu, ndugu zangu, kuweka na kuzima ni vitu viwili), nikamwinamia Jumanne nikamnong'oneza, "Mzee kakasirika? Nenda kamwambie ni utani bwana. Hawa Wamanga nao wepesi kununa."

Sasa ule uwanja una spika mbili, moja karibu nasi na nyingine kule ng'ambo, na ile ya ng'ambo sauti yake inachelewa kidogo. Kwa hiyo nilijisikia nikinong'ona hapa mezani, kisha nikajisikia nikinong'ona tena kutoka upande wa pili wa uwanja, kwa sauti nzito ya kiume, "wepesi kununa." Jumanne alinitazama jinsi mtu anavyotazama nyumba ya jirani inayoungua. Akanyoosha kidole chake polepole akazima, kazi ya bure.

Mpira ukasimama. Refa hakupiga filimbi, wachezaji wenyewe tu waliacha kucheza. Swalehe akaja kwetu anatembea, jezi imelowa jasho, na mimi nikawaza kama nikipigwa nianguke upande gani. Hakunipiga. Alichukua maiki, akaiwasha, akaipuliza kidogo kama shehe kabla ya hotuba.

"Shemeji," akasema, na uwanja mzima ukasema *eeeh*, maana habari ya posa ilikuwa bado ya nyumba mbili tu. "Shemeji, mama yangu mimi ni Mnyamwezi wa Ipuli hapo. Sasa nisaidie. Nimekosa goli kwa upande wa baba au wa mama?"

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Ila huko ndani yake, Mzee Nassoro aliinuka, akakung'uta kanzu, akapita mbele ya meza yetu taratibu. Hakunitazama. Aliitazama spika.

Kufika jioni sauti yangu ilikuwa mjini kabla yangu. Mjuaji mmoja aliyerekodi kwa simu akaiunganisha na kipande cha yule mzungu, yeye kwanza, mimi baadaye, sote wawili tunacheka. Rahma alinipigia nikapokea haraka, nikaanza, "Mpenzi, ulikuwa utani tu, na kama kuna mtu nimemkwaza..."

"Kama?" akasema. "Maganga, unaniuliza mimi kama?" Akakata.

Kesho yake nikaenda kwa Jumanne, kwa mazoea tu, miguu ikanipeleka. Nilipofika nje nikasikia sauti yangu ndani, Jumanne kaiweka kwenye skrini kubwa kabla ya mechi. Nikasimama nyuma ya bati. Nikasikia banda limegawanyika tena, nusu wanataka nifungiwe kuingia, nusu wanasema watu wamezidi kununa, na jamaa mmoja akanitetea kwa nguvu zote, "Si kawasifia kwamba wanajua biashara?" Na yule aliyeninunulia soda, sauti yake naijua, akamjibu kwamba mtu akipewa maiki amepewa dhamana. Nikaona aibu ya kutetewa ni kubwa kuliko ya kusemwa. Kuna Msukuma mmoja alisema, taratibu, "Na mimi la ng'ombe nilicheka. Halafu nilipofika nyumbani sikucheka." Alikuwa beki wetu. Sikuingia.

Jumatatu baada ya sala ya alasiri nikaenda dukani kwa Mzee Nassoro. Alikuwa anampimia mteja nondo. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akaendelea kupima, akaja mteja wa misumari, akaja wa rangi, na mimi nimesimama katikati ya mifuko ya saruji kama mfuko mwingine. Wateja wote walinijua. Wa rangi alinunua rangi akabaki.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi," nikasema mwishowe. "Nilisema vibaya. Nilikutukana wewe na wazee wako mbele za watu, na nilipoona umeumia nikaongeza. Sina la kujitetea."

Akavua miwani. "Hao babu," akasema, "ni kweli walikuja na misafara, na kweli mizigo walibebewa, na waliobeba ni babu zako na babu za mama yake Swalehe. Hilo si la kuchekeshea watu uwanjani. Siyo kwa ajili yangu tu. Kwa ajili yako pia." Akaifuta miwani kwa kanzu. Nilidhani yameisha. Kumbe alikuwa anajipandisha. "Lakini kusema hatujui mpira! Mimi?" Akapandisha kanzu hapo hapo dukani, mbele ya mteja wa rangi, akanionyesha goti lina kovu refu. "Winga wa kushoto! Uliza watu wa timu ya reli, wazee wao wapo hai, waulize walikuwa wananikabaje! Walikuwa wananipiga mateke kwa sababu kunifikia hawawezi!"

Nikasema sikujua. Akasema, "Hukuuliza." Kisha akasema nikaombe radhi palepale nilipotukana, kwa spika zilezile, na beki wa watu nimtaje, na akisikia neno *kama* hata mara moja, jibu la posa nimeshalipata.

Basi Jumamosi iliyofuata, kabla ya mechi, nikasimama. Spika inapiga mluzi, Jumanne anairekebisha huku anajizuia kucheka (hakufanikiwa). Nikamtaja Swalehe, nikamtaja beki, nikamtaja mzee, nikasema nilichosema na kwamba ni kosa, na kwamba wiki ileile nilikuwa nimemlaani mzungu kwa jambo hilohilo huku nimesimama kwenye benchi. Mtu nyuma ya goli akapiga kelele, "Hatusikii, rudia!" Alisikia vizuri sana. Nikarudia. Beki akaja akanipa mkono, mkono kama kabati pia, akaubana mpaka nikaona nyota, akatabasamu, nadhani hapo tukalipana.

Jibu la posa lilichelewa. Mzee Nassoro aliliweka mpaka wazee wangu wakaanza kunitazama vibaya kwenye chakula, halafu likaja, la ndiyo, na salamu moja juu yake kwamba siku ya ndoa hotuba za bwana harusi hazitakuwepo. Rahma yuko hapo ndani, ananisikia, na nikikosea mahali atatoka kunisahihisha. Yule mzungu nasikia amesharudi kazini, na kwa Jumanne bado wanabishana habari yake. Mimi wakiniuliza nasema alikosea, nakaa chini. Na utangazaji nimeuacha kabisa, hata mniite kwenye mechi ya watoto siji. Nikienda uwanjani nakaa na watu wengine, napiga makofi, na mchezaji akikosa goli, nasema amekosa goli.