Honi Mbili kwa Dympna

Colman Garrihy alizaliwa na maneno mengi, na bahati ikampa kazi inayoyalipa. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha basi dogo la wageni wanaokuja Ireland kucheza gofu. Aliwapokea uwanja wa ndege wa Shannon, akawazungusha wiki nzima pwani ya magharibi, Clare hadi Kerry na kurudi, leo uwanja huu kesho ule, kisha akawarudisha Shannon wakiwa wamenenepa kidogo na wamepoteza mipira yao yote kwenye matuta ya mchanga. Wakiwa uwanjani, yeye alikaa ndani ya basi akisikiliza mvua. Wakipanda tu, zamu yake ilianza. Kila kona ilikuwa na kisa chake, na baadhi ya visa hivyo vilikuwa vya kweli.

Kisa kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha kona ya Carrowbeg, pale barabara inapoteremka kuelekea baharini na nyumba moja nyeupe inachungulia nyuma ya ukuta wa mawe. Hapo Colman hupunguza mwendo na kupiga honi mara mbili.

"Ile ni nyumba yangu," husema. "Na honi hiyo ni ya mke wangu, Dympna. Namjulisha kwamba nakaribia, ili yule bwana apate nafasi ya kutokea mlango wa nyuma. Mimi sitaki ugomvi, vijana wangu. Nataka chai yangu tu."

Hao vijana wake wengi walikuwa wazee wa miaka sitini na kitu, na walicheka mpaka miwani ikawatoka. Dympna alikijua kisa hicho vizuri kuliko mumewe. Akisikia honi alikuwa akitoka mlangoni na taulo la jikoni mkononi, anaangalia basi, halafu anageuka na kulipunga taulo kuelekea nyuma ya nyumba kama anayemhimiza mtu akimbie. Wageni walikuwa wakipiga makofi.

Dympna alifariki mwaka juzi, mwezi wa pili. Kansa ya kongosho iligunduliwa kabla ya Krismasi na haikumpa hata nafasi ya kuona maua yake ya manjano yakichanua. Mwezi wa nne Colman alirudi kazini na kundi la Waswidi. Walipofika Carrowbeg mkono wake ukaenda kwenye honi wenyewe, na mdomo ukafuata. Waswidi wakacheka. Na katika kicheko kile Colman akahisi, kwa mwendo wa kona moja, kwamba Dympna yumo ndani na birika limewekwa jikoni.

Hakuacha tena. Anayetaka kumlaumu amlaumu, lakini kwanza afikirie. Huku kwetu mtu akifiwa, kijiji kizima kinamshika. Akiingia dukani sauti zinashuka. Akiingia baa anaachiwa kiti cha karibu na moto, naye alikuwa na kiti chake mwenyewe kizuri tu. Jina la Dympna lisingeweza kutajwa bila mtu kuongeza "Mungu amrehemu," na kila lilipoongezwa lilikuwa kama koleo jingine la udongo. Ndani ya basi hakuna aliyeongeza chochote. Humo Dympna alikuwa hai, ana wivu, ana ulimi, anamgombeza mumewe kwa viatu vya matope. Kila kundi lilimpa mke kwa wiki moja. Hapakuwa na mahali pengine duniani alipoweza kumpata.

Lakini uongo wa namna hiyo unataka wageni wapya, na Harlan Pruitt hakuwa mgeni mpya.

Harlan alikuwa daktari wa meno mstaafu kutoka Ohio, mrefu, mwenye kofia isiyotoka kichwani. Kila baada ya miaka mitatu alikuja na marafiki zake saba, na kila mara aliomba dereva awe Colman. Safari yao ya kwanza gurudumu lilipasuka mbele kabisa ya lango la nyumba nyeupe, mvua ikinyesha kwa ubavu kama kawaida yake. Dympna aliwaingiza ndani wote wanane, akaanika soksi zao juu ya jiko na kuwalisha mkate wa magadi wa moto uliopakwa siagi. Toka siku hiyo ikawa ada. Siku ya mwisho, baada ya kucheza, basi linasimama kwa Dympna. Ratiba ya kampuni haikuwa na kitu hicho, lakini Harlan alikuwa akisema kwamba mkate ule ndio safari, gofu ni kisingizio.

Mwaka huu, Shannon, kabla hata ya kupakia mifuko ya fimbo, Harlan alimkumbatia.

"Colman, mzee mwenzangu! Dympna hajambo?"

Pale pale ndipo alipokuwa na nafasi. Neno moja tu, mizigo ikiwa bado chini. Lakini nyuso nane zilikuwa zikimtazama kwa furaha, na hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali lile kwa miaka miwili.

"Hajambo," alisema. "Ulimi wake ni ule ule."

"Afadhali. Ulimi huo ungetulia, ningejua kuna kasoro." Harlan akachomoa kifurushi kwenye begi la mkononi. "Mke wangu Lorraine kamshonea aproni. Kaitarizi jina mwenyewe. Usimpe wewe, nitampa mimi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Colman ilikuwa na urefu wa wiki nzima, na mwisho wake ulikuwa jikoni kwake mwenyewe.

Siku ya pili, kwenye barabara nyembamba karibu na Ballyheigue, walikutana na maziko. Colman alisogeza basi kwenye majani, akazima injini, akavua kofia. Gari la jeneza lilipita polepole, na nyuma yake watu wa parokia nzima kwa miguu. Lilipopita, mmoja wa wageni, mnene mcheshi aliyeitwa Curtis, akauliza mtu afanye nini akijikuta msibani huku.

"Rahisi," Colman alisema, maana hakujua kuacha swali bila kisa. "Unapanga foleni. Unamfikia mfiwa, unamshika mkono, unamtazama machoni, unasema: pole kwa msiba wako. Basi. Usiulize alikuwa anaumwa nini. Hayo utayaulizia nje, kwa wavuta sigara, na watakupa mpaka na mali alizoacha."

Curtis hakuweza kuliacha jambo tamu kama hilo. Mchana ule Harlan alipopiga mpira ukazama baharini, Curtis alivua kofia, akaenda akampa mkono. "Pole kwa msiba wako," alisema. Wengine wakapanga foleni nyuma yake, mmoja mmoja, nyuso zimenuna. Tangu hapo kila aliyepoteza mpira alipewa mkono wa pole na wenzake wote saba, hata watu wa kundi la nyuma wakalalamika kwamba wanachelewesha mchezo. Colman aliwaona kwa mbali kupitia kioo cha basi na akacheka peke yake. Halafu aliacha kucheka, kwa sababu alikumbuka anakokwenda.

Siku mbili za mwisho wageni walilala Lahinch, na Colman akalala kwake. Aliwaza kubadilisha barabara. Aliwaza kusema basi lina hitilafu. Mwishowe alichagua uongo wa pili wa kuubeba ule wa kwanza: angesema Dympna ameitwa mjini Ennis, dada yake ameanguka. Watakunywa chai, watakula mkate, watasikitika kidogo, wataondoka. Na Dympna angeendelea kuwa mzima Ohio, angalau huko.

Asubuhi ya siku ya mwisho alikwenda mlango wa pili kwa jirani yake Assumpta kuomba mtindi. Assumpta ndiye aliyemfumba Dympna macho. Alimtazama kwa muda.

"Tangu lini wewe unaoka?"

"Nina wageni."

"Wale Wamarekani wa Dympna, Mungu amrehemu?" Akamkabidhi chupa, lakini hakuiachia. "Colman, umewaambia?"

"Nitawaambia."

"Unaongopa vibaya kwa mtu mwenye uzoefu," Assumpta alisema, akaiachia chupa.

Colman alikuwa ameuona mkate ule ukiokwa karibu kila siku ya ndoa yake. Unga, chumvi, magadi, mtindi, mikono miepesi. Aliufinyanga kidogo tu, akauweka kwenye oveni. Kisha akafungua kabati la ngazini, akatoa mabuti ya Dympna ya bustanini na kuyapanga kando ya mlango, pale yalipokuwa yakikaa. Akatundika na koti la Dympna msumarini. Alipomaliza, alisimama katikati ya nyumba akaona amefanya kazi nzuri mno, na ikabidi atoke nje.

Jioni ile basi lilifika kona ya Carrowbeg na watu wanane wamechoka, wamelowa, wamefurahi. Colman alipiga honi mara mbili. Nyuma wakashangilia, wakasogea madirishani kutafuta taulo la jikoni. Mlango ulibaki umefungwa.

"Yule bwana leo kamzuia," Curtis alisema.

"Nilisahau kuwaambia," Colman alisema, macho barabarani. "Kaenda Ennis. Dada yake kaanguka ngazini, leo leo. Lakini mkate upo."

 Harlan alikuwa ameshika kifurushi cha Lorraine mapajani tangu Lahinch. "Basi nitaiacha mezani," alisema.

Waliingia, wakavua viatu kama Dympna alivyowafundisha, wakayapita mabuti yake. Colman alimimina chai. Mikono ilikuwa imetulia na mambo yalikuwa yakienda vizuri. Akaleta mkate juu ya ubao na kuuweka mbele ya Harlan, ambaye kila safari ndiye aliyepewa kisu.

Harlan alikishika kisu akabaki anautazama mkate. Juu ulikuwa laini, mviringo, mtupu.

"Colman. Msalaba uko wapi?"

Colman naye akatazama. Kila mkate uliotoka katika jiko lile ulikuwa umekatwa msalaba juu kabla ya kuokwa, ili vibwengo watoke, wasibaki na ubaya wao ndani ya nyumba. Dympna aliwahubiria wale wanaume mahubiri hayo kila walipokuja, kisu mkononi, mpaka wao wenyewe walikuwa wakiyasema pamoja naye. Miaka yote hiyo Colman aliukata msalaba ule kwa meno tu. Kwa kisu hakuwahi.

"Dympna hawezi kuoka mkate bila msalaba," Harlan alisema. "Huu kaoka nani?"

"Mbona mnamwonea?" Curtis alisema. "Si kaoka yule bwana wa mlango wa nyuma!"

Meza nzima ikacheka, na Colman akacheka nao. Wao wakanyamaza, yeye akaendelea. Kicheko kilipoisha hakikuacha kitu cha kushikilia.

"Nimeuoka mimi," alisema. "Dympna alifariki. Mwaka juzi, mwezi wa pili."

Birika lilisikika likipumua. Mtu mmoja aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.

"Uliniambia hajambo," Harlan alisema. Alikuwa ameumia, na hakuficha.

"Nilikuambia."

"Wiki nzima, Colman. Umetuchekesha wiki nzima."

"Ulimuulizia kama mtu aliye hai, Harlan. Huku hakuna tena anayemuulizia hivyo. Nilitaka kujibu, mara moja tu. Nikashindwa kuacha."

Harlan alikuwa bado na kisu mkononi. Kisha akakilaza kando ya mkate, akavua kofia ile isiyotoka, akajifuta kiganja kwenye suruali. Alizunguka meza. Akamshika Colman mkono na kumtazama machoni.

"Pole kwa msiba wako," alisema.

Nyuma yake Curtis alikuwa ameshasimama, na nyuma ya Curtis wengine, kwa soksi zao zilizolowa, foleni kutoka mezani hadi kwenye mabuti ya Dympna. Hakuna aliyewapanga. Walikuwa wameyafanya mazoezi wiki nzima juu ya mipira iliyopotea, na sasa hawakuwa na maneno mengine zaidi ya yale aliyowafundisha.

Siku ya maziko Colman alikuwa amepokea mikono ya parokia tatu. Alisimama tangu mchana mpaka giza, akawashukuru wote, akawauliza habari za ng'ombe wao, na jicho halikumlowa. Watu walisema amejikaza kiume. Wahenga wa Kiswahili wanasema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Colman hakuwa ameanza. Alianza jioni ile, kwenye mkono wa Curtis, na alilia kwa sauti, mzee mzima, akiwa ameushikilia mkono ule hata waliobaki wakampa pole kwa kumshika bega. Assumpta aliposikia alitoka nje ya nyumba yake, akasikiliza, akarudi ndani.

Mkate ulikuwa mzito kama jiwe la ukuta. Waliula wote mpaka makombo. Aproni Harlan aliitundika mwenyewe msumarini, juu ya koti.

Asubuhi barabara ya Shannon iliwapitisha Carrowbeg tena.  Kwenye kona Colman alipunguza mwendo, na mkono wake ukainuka kwenda kwenye honi. Aliwatazama kwenye kioo: wote wanane walikuwa wakiutazama mkono ule, tayari kumhurumia. Akaurudisha kwenye usukani. Jana usiku alikuwa amelala usingizi wa kweli, wa kwanza kwa muda mrefu, na angetoa usingizi ule wote arudishiwe kicheko chao.

Wiki iliyofuata alipokea Shannon kundi la Wanorwei, watu wapya kabisa, wasiojua lolote. Angeweza kuwaambia anachotaka. Kona ilipofika alipunguza mwendo, nao wakageuza shingo kufuata kidole chake hadi nyuma ya ukuta wa mawe.

"Ile ni nyumba yangu," alisema, na kisa kikaishia hapo.