Pingamizi moja lililoua uzio wetu Guangzhou

Wakuu, salaam kutoka Guangzhou.

Nani alituwekea pingamizi? Swali hili lilinikaa kichwani zaidi ya mwaka. Sikuwa na jibu, ingawa nilijiaminisha kwamba ninalo. Nasimulia kama ilivyokuwa, pamoja na sehemu zinazoniaibisha.

Nasoma masters hapa. Naishi na mama mdogo, Salha, mfanyabiashara wa Zanzibar. Mchana yuko mtaa wa Xiaobei kwa mawakala wa mizigo, jioni yuko nyumbani anatupangia maisha.

Tulikuwa ground floor. Mbele kuna kiwanja kidogo chenye uzio wa vyuma unaofika kifuani, na njia ya wapita njia iko hapo hapo nje.

Bibi, mama yake Salha, alikuja kufanyiwa operation ya goti. Daktari alisisitiza atembee nje kila siku, la sivyo goti litakakamaa na hatalikunja tena.

Bibi akagoma kutoka.

Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anakaa nyuma ya pazia, anachungulia. Goti likaanza kuwa gumu kweli.

Alisema kitu kimoja tu: "Watu wanapita mno hapo."

Salha akamalizia mwenyewe: "Hataki kuonwa. Tunapandisha uzio."

Sasa, kanuni za pale mwisho ni mita moja na nusu. Sisi tulitaka mbili. Kuvuka kipimo unaomba ruhusa maalumu ofisi ya usimamizi wa majengo: fomu, mchoro, idhini ya mwenye nyumba, kisha tangazo linabandikwa mlangoni mwa jengo siku saba. Mkazi mmoja akipinga kwa maandishi, maombi yamekufa.

Mimi na maswali yangu nikaanza. Kwa nini mita moja na nusu? Nani aliamua? Mbona nyumba ya nyuma wana mbili?

Dada wa ofisini akajibu, "Mei banfa," yaani hana la kufanya.

Salha akanivuta mkono. "Umekuja kuomba au kumsahihishia mtihani?"

Tangazo likabandikwa. Salha akakaanga sambusa, akapeleka sahani kwa kila jirani wa jengo letu. Nikamwambia hii si rushwa?

"Sahani kwa jirani imekuwa rushwa lini? Chuo kinakuharibu wewe."

Jirani wa juu yetu ni Mama Chen, mstaafu anayeongoza mazoezi ya akina mama kila asubuhi karibu na uzio wetu. Siku ya tano ya tangazo nilimkuta sebuleni kwetu na Bibi. Simu iko katikati inawatafsiria, wanacheka hadi machozi. Kaleta sahani yetu imejaa machungwa.

Nikajiuliza, huyu anapeleleza nini?

Jioni ile Salha aliona dole gumba la Bibi limekuwa jekundu. "Mama, hina ya kidole kimoja?"

"Najaribu rangi," Bibi akasema.

Siku ya saba dada wa ofisini akapiga simu. Kuna pingamizi moja. Jina hawatoi.

Salha alilia jikoni. "Mama atarudi kwetu kiwete kwa sababu ya nusu mita ya vyuma."

Mimi sikulia, nilichunguza. Nani uzio ungemzibia? Nani alikuja kuchungulia kwetu? Mama Chen. Nikaacha kumsalimia. Akinisalimia mlangoni mwa jengo naangalia simu. Nilikuwa na uhakika kabisa, na wakuu, mimi ndiye yule anayeomba source kwenye kila uzi humu.

Wiki iliyofuata, natoka kwenda class asubuhi, namkuta Bibi nje. Buibui lake, kitembezi chake, kasimama kwenye uzio ule ule mfupi. Mama Chen anapita na wenzake.

"Jou san!" wanamwambia. Ndiyo habari ya asubuhi ya watu wa hapa.

"Jou san!" Bibi anajibu, mmoja mmoja, bila kumruka mtu.

Akawa anatoka kila siku. Alipoondoka kurudi Zanzibar, alipanda ngazi za uwanja wa ndege bila kushikwa mkono. Nikajiambia amezoea tu.

Mwezi uliopita tumehama. Ofisi ikaturudishia faili letu, na pingamizi lilikuwa ndani. Mwandiko wa Kichina, safi. Sehemu ya mpingaji: nyumba 102.

Nyumba 102 ni yetu.

Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba, nyekundu.

Nilihoji kanuni, nilihoji ofisi, nilihoji sambusa. Mwenye goti sikumuuliza hata mara moja. Mama Chen nimemwomba radhi. Kama nawe umewahi kumpigania mtu jambo ambalo hakulitaka, weka yako hapa chini, nisibaki peke yangu.

Nilimpigia Bibi. Hakukana.

"Kwetu ukikaa barazani, mtu akipita mnasalimiana. Miye ningewajibu nini? Nikae nimenuna kama mwenye deni? Nlikwambieni watu wanapita mno, nyie mkakimbilia mafundi. Nlikuwa nataka salamu yao tu, na Chen akanifunza."

"Sasa si ungemwambia mama mdogo hutaki uzio?"

"Salha? Nlimwambia mara mbili. Ndo maana nkamwomba Chen aniandikie, nkenda ofisini."